Upanga Usio na Mhunzi: Kasoro za Sinema za Upanga na Uchawi Zifanywazo kwa Gharama Ndogo

Sinema zinazosimulia habari za mashujaa wa kale, wenye kupambana na wachawi, majoka na wafalme madhalimu katika nchi zisizokuwako, hazijapata bado jina moja lililokubaliwa katika Kiswahili. Watazamaji wengine huziita picha za mapanga, wengine picha za kichawi, na wengine hutaja tu jina la shujaa aliyemo. Katika Kiingereza jina la fasihi ya namna hii lilitungwa mwaka 1961 na mwandishi wa Kimarekani Fritz Leiber, kwa ajili ya kuzitambulisha hadithi za mtindo wa Robert E. Howard, naye Howard alimleta shujaa wake Conan mbele ya wasomaji kwa mara ya kwanza katika jarida la Weird Tales, mwezi wa Desemba 1932. Jina hilo huunganisha vitu viwili, upanga na uchawi, na hivyo ndivyo litakavyotumika hapa.

Makusudi ya makala haya ni kueleza kasoro za sinema hizo zinapofanywa kwa fedha kidogo, na kuonyesha kwamba kasoro iliyo kubwa haitokani na uchache wa fedha. Mfano utakaotumiwa ni Mkoa wa Songwe, kusini-magharibi ya Tanzania, pamoja na jirani zake, kwa sababu katika nchi hiyo chuma na uchawi vyote viwili vina historia ya kweli na msamiati wake wenyewe.

ASILI YA SINEMA HIZI

Mwaka 1982 ulikuwa mwaka wa mavuno kwa sinema za upanga na uchawi. Huko Marekani zilitoka The Sword and the Sorcerer ya Albert Pyun na Conan the Barbarian ya John Milius. Na huko Italia Joe D'Amato akatoa Ator, ambayo ilikuwa mwigo wa wazi wa Conan. Mwaka 1983 ikafuata Deathstalker, iliyopigwa Ajentina kwa mapatano ya Roger Corman, mtu aliyejulikana sana kwa kufanya sinema nyingi kwa gharama ndogo na kwa muda mfupi.

Njia za kubana matumizi hazikufichika. Vipande vya sinema ya kwanza vilikatwa na kuungwa katika sinema ya pili, kama ilivyofanyika katika Deathstalker II ya mwaka 1987. Katika sinema ya pili ya Ator, shujaa wa zama za kale huonekana akiruka angani kwa mabawa ya kitambaa yanayotumiwa na wanamichezo wa siku hizi. Mambo kama hayo yamewachekesha watazamaji kwa zaidi ya miaka 40, na wahakiki wengi hawakuona haja ya kutafuta kasoro nyingine.

Sinema za namna hiyo ziliingia Afrika Mashariki kwa kanda za video, na baadaye kwa santuri. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na kwa hiyo watu wengi walizitazama katika vyumba vya kulipia. Vyumba hivyo, vyenye mabenchi na televisheni moja, watu wamevipa jina la vibanda umiza, kwa jinsi wanavyobanana waliomo ndani. Tena yupo msimulizi, ambaye hueleza kwa Kiswahili yanayosemwa na kutendwa katika picha, huku akitia maneno yake mwenyewe. Lufufu alijulikana sana kwa kazi hiyo nchini Tanzania, na DJ Afro nchini Kenya. Watazamaji wengi hawakusikia kamwe lugha ya asili ya sinema hizo. Walisikia Kiswahili cha msimulizi, na kwa ajili hiyo jambo hili lawahusu wataalamu wa lugha kuliko linavyoonekana kwa mara ya kwanza.

Mji wa Tunduma ni mahali pafaapo kulitazama jambo hili. Mji huo umekaa mpakani, na upande wa pili wa mpaka ni Nakonde katika Zambia. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia hupita hapo, na vilevile reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975 na kufunguliwa rasmi mwaka 1976. Mkoa wa Songwe wenyewe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu ni Vwawa. Kinyamwanga husemwa pande zote mbili za mpaka. Kinyiha husemwa Mbozi. Kindali na Kilambya husemwa Ileje. Kiswahili ndicho kiziunganishacho jamaa hizo sokoni, shuleni, na mbele ya televisheni ya kibanda umiza.

UMASKINI WA ZANA

Kasoro inayotajwa kwanza na kila mhakiki ni umaskini wa zana: panga za mbao zilizopakwa rangi, joka lisilofumba macho, ngome inayotikisika mtu akiegemea. Kasoro hizi zipo, lakini si sababu ya kutosha ya kuihukumu kazi. Msimulizi wa hadithi za kale hakuwa na ngome wala joka, wala hakugharimia hata senti moja, na wasikilizaji wake walikesha.

Mfano ulio karibu na kila msomaji wa Kiswahili ni habari za Fumo Liyongo, ambazo Muhammad Kijumwa wa Lamu alizitungia utendi mwaka 1913. Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote, ila kwa shaba ikimchoma kitovuni. Siri hiyo anaijua yeye, na anamfunulia mwanawe, na mwanawe anamwua. Hata hivyo Liyongo aliyechomwa hutoka akaenda kisimani, akapiga goti, akapachika mshale na kuuvuta upinde, akafa katika hali hiyo. Na watu wa mji wasithubutu kuteka maji kwa kumwogopa maiti wakidhani yu hai. Onyesho hilo lote lahitaji mtu mmoja, upinde mmoja na kisima. Nguvu yake haimo katika zana. Imo katika kanuni iliyowekwa mapema na kutunzwa hadi mwisho: Liyongo hawezekani ila kwa njia moja, na njia hiyo imo mikononi mwa mtu ampendaye.

Sinema duni za upanga na uchawi hukosa jambo hili hasa. Shujaa hujeruhiwa ama hajeruhiwi kwa kadiri ya haja ya dakika ile. Mchawi aliyeweza kuuangusha mnara katika onyesho la kwanza hushindwa kujikomboa katika kamba katika onyesho la mwisho, wala hakuna aelezaye kwa nini. Mtazamaji hushindwa kuogopa, kwa maana hajui lipi laweza kutokea na lipi haliwezi.

UPANGA USIO NA MHUNZI

Conan the Barbarian ya mwaka 1982 huanza kwa upanga kufuliwa. Chuma huyeyushwa, humiminwa, hupigwa nyundo. Kisha baba humweleza mwanawe siri ya chuma. Watu waweza kuikosoa sinema hiyo kwa mengi, lakini mtungaji wake alitambua kwamba upanga una asili, na kwamba anayeubeba ana deni kwa aliyeufua. Waigaji wengi walichukua misuli, damu na farasi, wakauacha ule moto wa mhunzi. Hata The Sword and the Sorcerer, iliyoufanya upanga kuwa kivutio chake kikubwa, humpa shujaa upanga wenye makali matatu, mawili yakirushwa kama mishale. Mtazamaji asijue ni fundi gani aliyewaza kitu kama hicho, wala kwa chuma cha namna gani.

Katika nchi ya Songwe swali la fundi na chuma lisingeweza kuachwa. Karibu na Ndolezi, katika Wilaya ya Mbozi, kipo kimondo kinachojulikana kama Kimondo cha Mbozi, chenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokisiwa kuwa tani 16, ambacho sehemu yake kubwa ni chuma kilichochanganyika na nikeli. Habari zake ziliwafikia wataalamu wa nje mwaka 1930. Chuma kilichotoka mbinguni ni jambo ambalo watungaji wa hadithi za upanga hulitafuta katika mawazo. Hapa kipo, kimelala juu ya ardhi, chaweza kuguswa.

Lakini chuma kilichowalisha watu wa Mbozi hakikutoka katika kimondo. Kilitoka katika mtapo uliochimbwa ardhini. Wanyiha, kama jirani zao Wafipa, walikuwa wayeyushaji hodari, na kazi yao ilielezwa na Beverley Brock na P. W. G. Brock katika makala waliyoitoa mwaka 1965. Tanuri la ukanda huo, ambalo Wafipa huliita ilungu, lilijengwa kwa udongo, refu kupita kimo cha mtu, na hewa iliingia yenyewe kwa mirija ya udongo iliyopangwa chini. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kimeshikamana na mavi ya chuma, na ilibidi kitiwe tena katika tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto, ndipo kifuliwe. Vitu vilivyofuliwa vilikuwa hasa majembe, mashoka na mikuki, wala si panga ndefu za vita.

Kazi hiyo haikuwa ya mikono peke yake. Mkuu wa kazi alitia dawa katika tanuri, na watu wake walishika miiko, hasa mwiko wa kutokaribia wanawake muda wote wa kuyeyusha. Chuma kikikataa kutoka, sababu ilitafutwa katika udongo, katika makaa, na vilevile katika mwiko uliovunjwa. Katika tanuri hilo uganga na ufundi vilikaa pamoja, kila kimoja na masharti yake, na aliyevunja masharti alilipa kwa hasara ambayo kila mtu aliweza kuiona: mavi ya chuma matupu mahali pa jembe. Kazi hiyo ilififia chuma na majembe ya nje yalipoingia kwa bei rahisi katika wakati wa ukoloni.

Upotevu huo wa mhunzi umeacha alama hata katika maneno. Katika Kiswahili cha kale upanga, kwa wingi panga, ni silaha ya vita yenye ala. Na panga, kwa wingi mapanga, ni chombo kipana cha kufyekea. Pwani ilikuwa na majina mengine pia: kitara kwa upanga uliopinda, jambia, sime, hanjari. Mtazamaji asemaye "picha za mapanga" amekwisha kuugeuza upanga wa mfalme kuwa chombo cha shambani, na msimulizi atumiaye neno hilo moja kwa kila silaha humnyima nafasi ya kutofautisha. Kosa la sinema na kosa la lugha hukutana hapa: vyote viwili vimesahau kwamba kila silaha ilikuwa na mahali pake, mwenyewe na fundi wake.

UCHAWI USIO NA SHERIA

Kasoro ya tatu ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Katika sinema duni, uchawi ni nguvu isiyo na chanzo, isiyo na bei na isiyo na mpaka. Mchawi hunyosha mkono, mwanga hutoka, mtu huanguka. Lakini katika lugha na desturi za Afrika Mashariki uchawi haukusemwa hivyo hata siku moja. Kiswahili humtenga mchawi na mganga. Humtenga mganga na mpiga ramli. Hutenga zindiko la kulinda na uchawi wa kudhuru. Hutaja kafara, mwiko na chuki iliyouanzisha ubaya. Neno mlozi, pamoja na kitenzi kuloga au kuroga, lina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu, ishara kwamba fikra hiyo ni ya kale sana na imepimwa na vizazi vingi.

Kwa jirani wa mashariki wa Songwe, yaani Wanyakyusa, Monica Wilson aliona jambo la ajabu zaidi, akalieleza katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Wanyakyusa waliamini kwamba nguvu ya mchawi na nguvu ya mlinzi wa kijiji ni moja, nayo hukaa mwilini kama chatu. Waitumiao kwa ubinafsi na chuki waliitwa abalosi. Waitumiao usiku kuwalinda wenzao waliitwa abamanga. Tofauti haikuwa katika nguvu; ilikuwa katika moyo wa mwenye nguvu na katika haki ya jambo lenyewe. Mtungaji wa sinema akilipata wazo hilo peke yake, hahitaji joka. Anayo habari ya mtu ambaye kijiji hakijui kimwite kwa jina lipi.

Watungaji wa Tanzania wenyewe walianza kuonyesha mambo ya kutisha katika sinema za video mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mussa Banzi alitoa Nsyuka mwaka 2003, na baadaye Shumileta. Jina la Nsyuka ni la Kinyakyusa, na mzizi wake ni ule wa kitenzi chenye maana ya kufufuka. Lilitumika kwa wafu waliofufuka, yaani mizimu ya ukoo inayoheshimiwa na kuogopwa. Neno hilo lilipofanywa jina la sinema ya kutisha, liliwafikia watu wengi wasiojua Kinyakyusa, nao wakalipokea kuwa jina la dude tu. Hata hivyo sinema hiyo ilikuwa imepiga hatua ambayo Ator haikuipiga: ililitafuta jambo la kuogofya katika nchi yake, si katika picha ya mwingine. Sinema nyingi zilizofuata sokoni zilifanywa kwa haraka, zikagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili, na muda ukajazwa kwa maongezi marefu na magari yanayoingia na kutoka uani. Haraka hiyo haikuacha nafasi ya kuuliza uchawi unaoonyeshwa ni wa namna gani.

HATARI YAKE

Yawezekana mtu kusema kwamba haya ni mambo ya mchezo, na kwamba sinema mbaya huisha pamoja na kiingilio chake. Katika nchi ya mpaka wa Tanzania na Zambia jibu hilo halitoshi. Katika miaka ya 1930 ulienea upande wa Zambia ya leo mwendo wa mchape: vijana waliovaa nguo za kizungu walipita vijijini, wakiwapitisha watu mmoja mmoja nyuma ya migongo yao, wakidai kuwatambua wachawi kwa kioo kidogo, na kuwanywesha dawa. Audrey Richards aliueleza mwaka 1935 alivyouona kwa Wabemba. Mwendo kama huo, kwa jina la kamchape, ulielezwa na Roy Willis mwaka 1968 kwa Wafipa. Katika karne hii ya 21 jina la lambalamba limesikika mkoani Songwe kwa kazi ya namna hiyo hiyo ya kufichua wachawi.

Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1928, ambayo ingali katika vitabu vya sheria vya Tanzania, hukataza mtu kumtaja mwenziwe kuwa mchawi. Pamoja na hayo, wazee, hasa vikongwe wa kike, wameuawa kwa tuhuma hizo, zaidi katika nchi ya Usukuma, ambako macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni yamechukuliwa kuwa alama ya uchawi.

Sasa itazamwe picha ya mchawi katika sinema iliyofanywa kwa haraka. Mtengenezaji asiye na fedha ya kumwonyesha mchawi kwa matendo na sababu, humwonyesha kwa sura: mwanamke mzee, nguo chakavu, nywele timtim, macho mekundu yaliyotiwa rangi. Njia hiyo ni rahisi, kwa maana mtazamaji hutambua mara moja. Lakini kutambua mara moja ndiko kunakouza vioo vya mchape. Sinema hufundisha kwamba uchawi husomeka usoni, na fundisho hilo hutoka nje ya kibanda pamoja na watazamaji, likawatangulia mpaka kwenye nyumba ya bibi kizee ambaye amepika kwa kuni miaka 60.

Yaliyosemwa hapo juu juu ya Wanyakyusa hayakuwa na ruhusa hiyo. Hakuna aliyeweza kuwatenga abalosi na abamanga kwa kuwatazama. Ilibidi mashauri, ushuhuda, na hapo kale jaribio la mwavi, ambalo lenyewe liliweza kumwua asiye na hatia. Desturi hizo zilikuwa na ukatili wake, wala hazistahili kurudishwa. Ila zilikiri jambo moja ambalo sinema duni hulikana: kwamba ni vigumu kumjua mwovu.

KAZI YA WATAALAMU WA LUGHA

Kwa muhtasari, kasoro za sinema za upanga na uchawi zifanywazo kwa gharama ndogo ni za daraja tatu. Ya kwanza ni umaskini wa zana, ambao husameheka. Ya pili ni kumsahau mhunzi, yaani kuonyesha vitu visivyo na asili. Ya tatu ni kuusahau mwiko, yaani kuonyesha nguvu isiyo na masharti wala malipo. Mbili za mwisho haziponi kwa fedha, na sinema za gharama kubwa nazo zaweza kuugua maradhi hayo.

Dawa yake kwa sehemu kubwa ni maneno, na maneno ni amana ya vyuo vya lugha. Msamiati wa kuyeyusha na kufua chuma katika Kinyiha, Kinyamwanga na Kifipa wastahili kukusanywa wote, pamoja na majina ya sehemu za tanuri, ya zana, ya dawa na ya miiko, kwa kuwa kizazi kilichoyeyusha chuma kimekwisha kupita, na kilichobaki ni kumbukumbu za watoto na wajukuu wake. Vivyo hivyo majina ya wenye nguvu za siri, wema kwa waovu, yapangwe kwa tofauti zake kama wasemaji wenyewe wanavyozipanga, yasirundikwe yote chini ya neno mchawi. Kamusi za Kiswahili zieleze waziwazi tofauti ya upanga na panga, ya mganga na mlozi, ya zindiko na uchawi, na mifano itolewe.

Msimulizi wa kibanda umiza, akiwa na maneno hayo, aweza kuirekebisha hata sinema iliyokwisha kuharibika, kwa kuwa sauti ni yake. Mtungaji wa Tunduma au Vwawa, akiwa nayo, hatalazimika kuazima ngome ya Ajentina. Ana kimondo cha Ndolezi na habari za tanuri la udongo. Naye bibi kizee mwenye macho mekundu atapata katika sinema hiyo nafasi ambayo sinema duni haikumpa, nafasi ya kuwa mtu ambaye habari zake hazijulikani mpaka azieleze mwenyewe.